Kutoka GX100 iliyochemsha Ubungo hadi robo ya Cessna: leteni visa vyenu

Robo Cessna (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Huu uzi nimeuahirisha tangu mwaka jana. Leo nimekaa foleni ya Mwenge saa nzima na nusu, nikaanza kuhesabu magari niliyowahi kumiliki na aibu zilizoambatana nayo. Nimefika nyumbani, nimeoga, nimekula, sasa naandika.

Gari langu la kwanza lilikuwa Mark II GX100, namba B, nyeupe ya maziwa, siti za kitambaa zinanukia ubani. Niliinunua kwa jamaa mmoja wa Tabata aliyeniapia kwamba haijawahi kumsumbua hata siku moja. Nilipofika kwake nilikuta ameshaiwasha, inanguruma kwa upole getini. Wakati ule nikaona huo ni ukarimu. Siku hizi nikiitwa kuangalia gari nikakuta injini imeshapata moto, naaga hapo hapo, maana gari lenye ugonjwa huonyesha ugonjwa wake asubuhi, likiwa baridi.

Wiki ya tatu ndipo nikajua nimenunua nini. Mwaka 2016, Ubungo ile ya zamani, kabla ya daraja la juu la Kijazi, pale ambapo trafiki akiamua upande wa Mandela Road uende, mliotoka Kimara mnaweza kusoma gazeti lote na matangazo ya vifo. Mshale wa joto ukaanza kupanda. Jamaa wa daladala ya pembeni akaniambia, "Kaka zima AC, washa hita, fungua vioo vyote." Nikafanya hivyo. Kwa wasiojua, hita ya gari ni kijirejeta kidogo cha ndani, ukiiwasha unaiibia injini joto na kulileta kwako. Sasa nifikirieni mimi, Februari, saa tisa mchana, Dar es Salaam, shati la kazini, nimewasha hita. Abiria wa daladala walikuwa wananiangalia kama mtu anayetimiza nadhiri.

Kesho yake fundi akatoa themostati, kile kivalvu kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, akaitupa kwenye ndoo. "Hii ni ya nchi za baridi, bosi." Nikalipa, nikaondoka na amani. Mwaka mmoja na nusu uliofuata nilitembea na dumu la lita tano kwenye buti na nilikuwa nalijua kila bomba kati ya Kimara na Posta. Nilikuwa najisifu kabisa kwamba nalijua gari langu! Siku gasket ilipoungua pale Magomeni, moshi mweupe nyuma, fundi alichomoa stiki ya oili ikatoka na kitu kama chai ya maziwa. Ndiyo ukawa mwisho wa GX100. Ilikwenda kwa bei ambayo sitaiandika hapa kwa sababu mke wangu anasoma.

Sasa ndege. Kazi ilinipeleka Afrika Kusini miaka miwili, na huko wikendi nikaanza kujifunza kurusha ndege ndogo. Kiwango cha kimataifa kwa leseni ya rubani binafsi ni saa 40 angani. Mimi nilitumia 58, sikuwa mwanafunzi mwepesi. Niliporudi Dar, baada ya makaratasi ya TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, tukaungana wanne tukanunua Cessna 172 ya miaka ya sabini. Nina robo. Ndiyo maana ya jina langu humu.

Siku ya kwanza kabisa ya mafunzo nilijidhalilisha. Mwalimu kaniambia niipeleke ndege taratibu kuelekea njia ya kurukia. Kona ikaja, nikakata usukani kulia kama niko Morocco naingia Kinondoni. Ndege ikaenda mbele vile vile. Nikakata zaidi. Tukaingia kwenye nyasi. Mwalimu amekunja mikono, ananitazama. Kumbe ardhini ndege inakatwa kona kwa miguu, kwa pedeli, na ule usukani kwa wakati huo hauna kazi. Miaka yangu yote ya kuendesha ilikuwa mikononi, ikanibidi nijifunze upya kwa vidole vya miguu. Juu ya hayo rubani anakaa kushoto. Mkono wa kushoto uliozoea gia sasa uko kwenye usukani, na wa kulia ndio wenye mafuta. Nilirudi kwenye gari nikawa nawasha wiper badala ya indiketa kwa wiki nzima.

Lakini kilichonikaa ni kile kikombe. Kabla ya kuruka, mwalimu aliingia chini ya bawa na kikombe cha plastiki chembamba, akakisukuma kwenye kitundu chini ya tangi, mafuta kidogo yakamwagikia ndani. Petroli ya ndege hizi, avigasi, imetiwa rangi ya buluu hafifu. Akakiinua juani. "Unaona nini?" Nikasema naona buluu. "Angalia chini." Chini kabisa kulikuwa na kitone cheupe, kama punje ya mtama, kinacheza peke yake bila kuchanganyika. Maji. Yameingia usiku kwa unyevu tu, yamelala chini ya tangi yanasubiri kwenda kwenye injini. Akamwaga, akachukua tena, mpaka kikombe kikawa buluu tupu. Kisha akapanda juu ya bawa na kijiti chenye alama, akakitumbukiza kwenye tangi, kwa sababu geji za mafuta za ndege hizi haziaminiwi, unapima kwa kijiti kama mwenye duka la mafuta ya taa.

Nilisimama pale nikiwaza taa ya mafuta ya GX100. Ilikuwa inawaka karibu kila siku. Nyumbani tulikuwa tunaiita taa ya usiku.

Kuna kisa cha Zanzibar nitakileta, ni kirefu. Kwanza leteni vyenu, vya magari au ndege au vyote.

Kijana wa Tabata

Nimekaa siti ya mbele na nimefunga mkanda. Ila uzi wa ndege bila picha ni Abunuwasi tu mkuu.

Halafu huyo jamaa wa Tabata si mimi.

Fundi Gerezani

Mleta uzi umetupiga mafundi kijumla. Mteja anakuja saa kumi na moja jioni, ana elfu ishirini, gari linachemsha, anataka kesho aende nalo Kibaha. Nimwambie nini? Rejeta imejaa kutu kwa sababu miaka minne anatia maji ya bomba. Nikimwambia rejeta, pampu ya maji na kulanti, anahamia kwa fundi wa jirani, na jirani anatoa themostati. Basi natoa mimi.

Nina magari kumi yanatembea mjini hayana themostati na wenyewe wananishukuru.

Injinia wa Hanga

Fundi, nakuheshimu, mimi pia nilianzia chini ya mwembe. Lakini hao kumi wanakushukuru kwa sababu hawajui wanachokula. Injini imeundwa ifanye kazi kwenye joto fulani, na themostati ndiyo inayoifikisha hapo haraka na kuibakisha. Ukiitoa, ikitembea kwenye barabara wazi inabaki baridi mno, inakunywa mafuta, oili inachakaa mapema. Ikikaa foleni bado inachemsha, kwa sababu tatizo lilikuwa rejeta. Umetibu homa kwa kuvunja kipimajoto.

Kwa faida ya uzi: injini ya hiyo Cessna haina rejeta kabisa. Haina maji. Ina mapezi ya chuma kwenye silinda na inapozwa na upepo tu, kama pikipiki. Ndiyo maana mimi ninayezitengeneza naogopa ardhi kuliko anga. Ikiruka, upepo upo. Ikisimama kwenye joto la Januari pale Dar ikisubiri ndege kubwa tatu zitangulie, joto la oili linaanza kutembea. Rubani mwenye akili anaielekeza pua kwenye upepo akisubiri. Foleni ya Ubungo ipo hata kule.

Mama Vitz

Mimi sina ndege ila ninayo ya kusema.

Nilikuwa nakwenda Mafia msibani, ndege ndogo, Caravan. Pale kaunta dada akaniambia nipande kwenye mzani. Nikadhani anamaanisha begi. "Na wewe mama." Nikapanda, mbele ya foleni nzima. Akasoma kwa sauti! Nyuma yangu kuna mzee mmoja wa Kilindoni akasema "maashallah". Sijui alikuwa ananisifu au anaisikitikia ndege.

Kwa sababu ya uzito, nahisi, nikakalishwa mbele kabisa, kiti cha pembeni ya rubani. Kijana mdogo, shati jeupe limepigwa pasi. Kabla hajawasha akachomoa kikadi cha plastiki, akaanza kusoma. Anasoma mstari, anagusa kitu, anasoma mstari, anagusa kitu. Jamani moyo uliniruka. Nikajua huyu hajui, anajifundishia kwetu. Nikamuuliza kwa upole, "Mwanangu, ndiyo mara yako ya kwanza?" Akacheka, akasema, "Mama, ya nne tangu asubuhi."

Dakika zote mpaka Mafia sikutoa macho kwenye mikono yake. Tulipotua akasoma tena kikadi kile kile ndiyo akazima. Na mimi niliyempata mume kwa kufundishwa kuendesha, nimewahi kutoka nyumbani Mbagala hadi Rangi Tatu na hendibreki iko juu.

Robo Cessna

Mama Vitz umenimaliza. Hendibreki juu wote tumepita, tatizo wenzako hawakiri.

Kuhusu kikadi: kukariri ndiko kunakokatazwa. Mwalimu wangu alikuwa akiniona najifanya najua kwa kichwa, ananirudisha mstari wa kwanza. Alisema mtu anayekariri huruka mstari siku ile amegombana na mkewe.

Dereva wa Masika

Mimi kisa changu ni kifupi na kina maji.

Masika, Mikocheni, saa mbili usiku, barabara imekuwa mto. Nina Raum. Nimesimama nafikiria. Wakaja vijana wanne wamekunja suruali: "Pita tu bro, hata IST imepita sasa hivi." Nikapita. Katikati injini ikazima kwa kishindo kimoja, kama mtu amepiga nyundo ndani. Kosa la pili nililifanya mwenyewe: nikawasha tena. Kishindo cha pili.

Fundi alipofungua akanionyesha konrodi, kile chuma kinachoshika pistoni, imepinda kama kijiko cha plastiki kwenye uji wa moto. Pistoni imezoea kubana hewa, na maji hayabanwi, kwa hiyo kilichopinda ni chuma. Nilinunua injini ya mtumba.

Wale vijana wanne walinisukuma mpaka pakavu kwa elfu ishirini. Wakati wananisukuma nilisikia mwenzao mmoja nyuma kule: "Pita tu dada, hata Raum imepita."

Kijana wa Tabata

😂😂😂 Hata Raum imepita!

Mleta uzi, twende kwenye pointi. Ndege inakula kiasi gani? Maana humu kuna watu tunaendesha kwa mafuta ya elfu kumi kumi.

Robo Cessna

Swali zuri, nitajibu bila kukutisha. 172 yetu inakula kama lita 34 kwa saa, na kwa saa hiyo inakwenda kilomita 200 hivi. IST yangu kwa lita hizo hizo inakwenda Morogoro na kurudi, na ukikaza roho inakufikisha tena Chalinze. Na avigasi ni ghali kuliko petroli ya sheli.

Lakini mafuta siyo yanayouma. Yanayouma ni yale unayolipa ndege ikiwa imelala: maegesho, bima, ukaguzi wa mwaka, na mfuko wa injini. Injini ya aina hii mtengenezaji anapendekeza ifunguliwe yote ikifika saa 2,000. Kwa hiyo kila saa mnayoruka, mnaweka kitu pembeni kwa ajili ya siku hiyo. Nani humu amewahi kuweka pembeni pesa ya injini ya gari lake? Sisi injini ikifa ndiyo tunaitisha kikao cha ukoo.

Na ile habari ya viti vinne isikudanganye. Yetu mwisho wa uzito ni kilo 1,043. Toa uzito wa ndege yenyewe, toa matangi yaliyojaa, kinachobaki ni kama kilo 280. Gawa kwa nne uone. Wamiliki wote wanne hatujawahi kupanda pamoja hata siku moja, kwa sababu mmoja wetu ni mtu wa Moshi na anapenda mtori.

Mzee wa Upanga

Vijana, nimesoma kimya kimya tangu jana. Nami niseme machache.

Gari langu la kwanza lilikuwa Volkswagen, ile ya mgongo wa kobe. Injini iko nyuma, haina maji, haina rejeta. Huyo injinia amenikumbusha. Tulikuwa tunawapita wenye magari ya maana wamefungua boneti njiani wanapepea kwa kofia, sisi tunaendelea na kelele zetu.

Mnalalamika foleni. Nyinyi hamkukuta ile miaka ya uhaba wa mafuta, ilipopigwa marufuku kuendesha gari binafsi Jumapili kuanzia saa nane mchana. Jumapili moja nilikuwa nimekwenda Bagamoyo kuoa. Siyo kuoa mimi, kumsindikiza mdogo wangu. Shehe akarefusha hotuba. Saa saba na nusu naangalia saa, shehe bado yuko kwa Nabii Ibrahimu. Barabara ya Bagamoyo wakati ule ilikuwa vumbi na mashimo. Tukalala huko huko na bwana harusi na bibi harusi, chumba kimoja watu tisa, tukarudi Jumatatu alfajiri. Mdogo wangu mpaka leo hajanisamehe, na kosa lilikuwa la shehe.

Injinia wa Hanga

Shikamoo mzee wangu. Hiyo injini ya kobe wako inapaa mpaka leo: duniani kuna watu wanaojijengea ndege ndogo nyumbani na kuzifunga injini ya Volkswagen, kwa sababu ni nyepesi na inapozwa na hewa. Kwa hiyo nawe ulikuwa nusu rubani.

Mzee wa Upanga

Marahaba mwanangu. Nitamwambia mke wangu. Alikuwa anasema ile ni mashine ya kusaga.

Mama Vitz

Injinia, wale kunguru wa pale uwanjani je? Niliwaona wamejaa nyasini wakati tunasubiri. Hawagongi?

Injinia wa Hanga

Kila ndege mdogo ni tatizo kwa ndege kubwa, na Kiswahili chetu hapo kinatuchezea. Kunguru wa Dar ni wajanja, huruka pembeni dakika ya mwisho. Wa kuogopwa ni wazito wanaoelea juu: tumbusi, korongo, mwewe. Wale wako kwenye upepo wao na hawakupishi.

Kisa cha nchini kwetu kinajulikana. Michael Grzimek, Mjerumani aliyekuwa na baba yake Bernhard wakihesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani, aliruka na Dornier ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia. Januari 1959 tumbusi aligonga bawa, ndege ikaanguka, akafariki akiwa na miaka 24. Kaburi lake liko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na baba yake amezikwa hapo hapo. Mimi kila nikifuta manyoya na damu kwenye ukingo wa bawa, namkumbuka yule.

Fundi Gerezani

Mleta uzi lete Zanzibar. Nimefunga gereji mapema.

Robo Cessna

Sawa. Zanzibar.

Ilikuwa Jumamosi ya vuli, mvua imetoka kunyesha asubuhi, hewa nzito, ile ambayo shati linakuganda ukiwa umesimama tu. Tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu mmoja wa robo, tunarudi Dar mchana. Ameshika boksi la halua mapajani. Tuko futi 2,500, tumepunguza mwendo kidogo kwa sababu chini bahari ilikuwa imetulia, jahazi moja linakwenda na kivuli chake, na hakuna aliyekuwa na haraka.

Kuna saa ya mizunguko ya injini. Niliiweka 2,250. Baada ya muda nikaitazama, ipo 2,150. Nikajua mkono wangu umevuta kitasa cha mafuta bila kujijua. Nikasukuma ikarudi. Dakika mbili, ipo 2,100. Hapo nikaacha kuangalia jahazi.

Niwaambie ukweli: kitu cha kwanza kilichokuja kichwani kilikuwa sauti yangu ya GX100, ile inayosema "itafika tu". Naijua hiyo sauti. Imenifikisha Posta mara mia, na imenilaza Magomeni.

Chini ya dashibodi kuna kitasa kingine cha kuvuta, cha hewa ya moto ya kabureta, kile kifaa kinachochanganya mafuta na hewa. Kwenye kabureta, mafuta yakigeuka mvuke na hewa ikipita kwenye koo jembamba, joto linashuka sana, digrii 20 na zaidi. Kwa hiyo hata nje kukiwa na nyuzi 28, mle ndani unyevu unaweza kuganda barafu, ikaanza kuziba njia ya hewa kidogo kidogo. Watu wanadhani barafu ni ya Kilimanjaro. Pwani yetu hii yenye unyevu ndiyo mahali pake.

Nikavuta kitasa mpaka mwisho. Sasa hapa ndipo panapohitaji moyo, kwa sababu ukifanya jambo sahihi, injini inazidi kuwa mbaya. Mizunguko ikashuka tena. Halafu ikaanza kutetemeka, barafu inayeyuka, maji yanaingia kwenye injini, dashibodi inacheza, kalamu ikaanguka kutoka kwenye kidaftari changu cha pajani. Mkono wote ulitaka kukirudisha kitasa ndani. Mwalimu alishatuambia: wanaokirudisha ndio wanaokwenda majini.

Ndege yetu ikizimika, kwa kila futi moja inayoshuka inaelea kama futi tisa mbele. Kutoka 2,500 ni kama kilomita saba. Nikaangalia pwani mbele, siyo saba, ni zaidi. Nikaangalia nyuma, siyo saba. Jahazi ndilo lilikuwa karibu. Nikaielekeza pua upande wa jahazi kidogo, nikakagua kifua changu, jaketi la kuogelea lipo, nikamwangalia mwenzangu, lake lipo. Mdomoni ana kipande cha halua. Hatafuni wala hatemi.

Sijui ilichukua sekunde ngapi. Nahisi kama ishirini. Kisha sauti ikajaa, yote kwa pamoja, na mshale ukapanda wenyewe zaidi ya pale nilipouacha. Mwenzangu akatafuna.

Hatukuongea mpaka mnara wa kuongoza ndege wa Dar ulipotuita. Tulipotua na kuegesha, nilifungua mlango nikashindwa kushuka, magoti yalikuwa kama ya mtu mwingine. Nikakaa na kikadi mkononi nikasoma mistari ya kuzima, mmoja mmoja, kwa sauti.

Jioni ile narudi nyumbani na IST, Nyerere Road, karibu na Tazara, injini ikaanza kutetemeka kidogo na taa ya injini ikawaka. Taa ya namna hiyo nimewahi kuishi nayo miezi minane. Safari hii niliweka indiketa (siyo wiper), nikapaki chini ya daraja la Mfugale, nikazima, nikampigia fundi. Koili ya silinda moja, ile inayoipa plagi umeme, imekufa. Fundi alipofika aliniuliza mara mbili kama ndiyo hiyo tu iliyonisimamisha. Akasema, "Bosi, hii ungefika nayo Kimara." Najua ningefika.

Kwenye ndege kila silinda ina plagi mbili, na magneto mbili, vijenereta vya cheche za plagi, zinazojitegemea hata betri ikifa. Kwenye IST kila silinda ina plagi moja na koili moja. Nilikuwa nimekaa juu ya boneti chini ya daraja nawaza hilo, nakula halua iliyobaki.

Dereva wa Masika

Nimesoma sehemu ya jahazi nimesimama.

Mama Vitz

Ina maana siku ile ya Mafia tulikuwa na kabureta na barafu?

Injinia wa Hanga

Hapana mama, Caravan ina injini ya tabaini, haina kabureta. Lala salama.

Fundi Gerezani

Wakuu, sisemi nimeshindwa. Ila leo imeletwa Noah inachemsha, nikafungua, sehemu ya themostati tupu. Nikamwambia mteja anunue, nikairudisha, na rejeta nikaipeleka kuzibuliwa. Ameniuliza kwa nini mafundi wengine huwa wanapunguza na mimi naongeza.

Sikumwambia aliyeitoa ni mimi, mwaka juzi.

Kijana wa Tabata

Mkuu Robo, Jumamosi hii nipo. Kiti kimoja tu. Nachangia mafuta.

Robo Cessna

Una kilo ngapi? Niandikie za mzani, siyo za picha ya WhatsApp.

Kijana wa Tabata

94.

Robo Cessna

Njoo saa moja asubuhi, kabla hewa haijapata moto. Begi acha nyumbani.

Mama Vitz

Maashallah.